Kiti cha Nyuma Katika Somo la Kiingereza

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wa gazeti hili mbele ya wanachuo wa ualimu wanaojiandaa kwenda katika shule za sekondari za Serikali kwa mazoezi ya kufundisha somo la Kiingereza. Yamefupishwa kidogo.)



 Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na kwa kazi hiyo nimepata bahati ya kuingia katika madarasa mengi, nikaketi nyuma na daftari langu, nikasikiliza. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya kualikwa kwangu. Mwandishi wa habari na mwanachuo anayetazama somo wana jambo moja la pamoja: wote wawili huingia katika nyumba ya mwenyewe, wakapewa kiti pembeni, kisha wakatakiwa waeleze kwa uaminifu yale waliyoyaona.

Nimeombwa niseme juu ya kutazama somo la Kiingereza katika shule ya sekondari ya umma. Huenda wengine miongoni mwenu wanaona kwamba hilo ni jambo dogo. Kwa wanachuo wengi mazoezi ya kufundisha huhesabiwa kuanzia siku ile mtu anaposhika chaki. Siku za mwanzo za kukaa nyuma ya darasa huchukuliwa kuwa siku za kungoja zamu, na fomu ya kutazama somo hujazwa haraka haraka ili mkufunzi akija akute imejaa.

Nia yangu leo ni kuwaomba mlitazame jambo hili kwa uzito zaidi. Siku hizo chache ni nafasi ambayo huenda msiipate tena katika utumishi wenu wote. Mtu akishaajiriwa, akapewa vipindi vyake na zamu zake, huzoea kuliona darasa kutoka mbele tu, mwaka hata mwaka, mpaka anastaafu. Na darasa la mbele na darasa la nyuma si darasa moja. Aliyesimama mbele huziona nyuso. Aliyeketi nyuma huyaona madaftari. Nyuso zinaweza kuwa na adabu, zikatabasamu, zikaitikia. Lakini madaftari hayajui adabu, nayo husema kweli.

MZIGO WA MWALIMU WA KIINGEREZA

Yapasa kwanza tuelewe ni kitu gani tunachokwenda kukitazama. Somo la Kiingereza katika sekondari zetu si somo kama masomo mengine, na sababu yake ni ya kihistoria.

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na Kiingereza kikabaki somo moja miongoni mwa masomo. Katika sekondari Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya kufundishia. Basi mtoto humaliza shule ya msingi akiwa amejifunza hisabati na sayansi kwa lugha anayoielewa, kisha Januari anaingia Kidato cha Kwanza na kuyakuta mambo yale yale yamevaa nguo ngeni. Alichokuwa akikijua jana, leo hawezi kukitaja.

Si kwamba taifa halikuliona tatizo hili. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliupima uwezo wa wanafunzi wetu katika Kiingereza, wakatamka kwamba hautoshi hata kidogo kuyabeba masomo mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uliendeshwa mradi wa kuimarisha somo hilo, kwa msaada wa Uingereza, na vitabu vya kusoma vikapelekwa mashuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na kwamba Kiingereza nacho kifundishwe vema. Pamoja na hayo yote, kijana wetu wa sekondari ya umma bado anasoma fizikia na jiografia kwa Kiingereza.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa, na hautaamuliwa katika ukumbi huu. Nimeutaja ili mwelewe mzigo wa mwalimu mtakayekaa darasani mwake. Mwalimu wa kemia akifundisha vibaya, kemia ndiyo huumia. Mwalimu wa Kiingereza akifundisha vibaya, kemia huumia, na jiografia huumia. Katika ofisi ya walimu wenzake humwambia, “Watoto wako hawajui Kiingereza,” kana kwamba watoto wale ni wake peke yake. Mkimkuta ana haraka, au ana ukali, au amekata tamaa, msimhukumu kabla hamjaupima uzito wa alichokibeba.

Yako mambo mengine yaliyoongeza mzigo huo, na haya ni matokeo ya jambo jema. Tangu kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, shule za kata zimejengwa nchini kote. Mwaka 2016 ada ikaondolewa katika shule za umma kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Watoto wa wakulima na wa wafanyakazi wa chini, ambao zamani wangeishia Darasa la Saba, sasa wanaingia sekondari. Huo ni ushindi wa wananchi, na atakayeubeza hatutendei haki. Lakini maana yake ni kwamba katika darasa la leo wamo watoto wengi sana ambao Kiingereza hawakisikii mahali pengine popote. Nyumbani ni lugha ya mama. Sokoni, msikitini na kanisani ni Kiswahili. Kiingereza ni dakika 40 za kipindi, basi.

Hebu tufanye hesabu nyepesi. Chukueni darasa la wanafunzi 60. Tuseme mwalimu anazungumza kwa dakika 30, na dakika 10 zilizobaki zote anawaachia wanafunzi waseme. Dakika 10 ni sekunde 600. Gawanyeni kwa 60. Kila mtoto anapata sekunde kumi. Sekunde kumi, ndugu zangu, hazitoshi hata kumwamkia mzee kwa taratibu zetu! Na hapo tumefanya hesabu ya ukarimu, maana aghalabu mwalimu huzungumza zaidi ya dakika 30, na watoto wanne au watano wa dawati la mbele huzila sekunde za wenzao.

KIITIKIO

Mtakapoketi nyuma, jambo la kwanza mtakalolisikia ni sauti kubwa ya darasa zima. Mwalimu husema, “A noun is the name of a person, a place or a...” kisha anapandisha sauti na kunyamaza. Darasa lote linapaza: “Thing!” Anaendelea: “Are we together?” Darasa linajibu: “Yes!” Kwa mgeni ni kama ngoma nzuri, yenye kiongozi na kiitikio.

Nawaombeni mkisikie kiitikio hicho kwa makini. Mwanafunzi hujifunza mapema sana kwamba sauti ya mwalimu ikipanda, neno fulani linatakiwa, na neno hilo mara nyingi ni lile lililosemwa dakika moja iliyopita. Anaweza kulisema bila ya kujua maana yake. Asiyelijua kabisa hufumbua mdomo tu, na sauti za wenzake humfunika. Kwa hiyo kiitikio humpa mwalimu faraja kwamba darasa linakwenda, na humpa mwanafunzi mahali pa kujificha. Wote wawili wanakihitaji, na kwa sababu hiyo kimedumu.

Kuna na jingine ambalo ni la lugha yenyewe. Katika Kiswahili mtu akiulizwa, “Hukuja jana?” naye kweli hakuja, hujibu, “Ndiyo, sikuja.” Anaitikia kwamba alichosema muulizaji ni sahihi. Kiingereza hakiendi hivyo, asiyekuja hutakiwa aseme “No.” Sasa mwalimu, baada ya kueleza jambo gumu, anawauliza wanafunzi wake: “You don't understand?” Darasa linajibu: “Yes.” Ni nani hapa aliyemwelewa mwenzake? Watoto wamesema kwa adabu na kwa ukweli kabisa kwamba ndiyo, hawakuelewa. Mwalimu amesikia “Yes,” amefurahi, amefuta ubao. Nimelishuhudia hilo zaidi ya mara moja, na mwalimu hakuwa mjinga, wala watoto hawakuwa wajinga. Neno moja lilipita katikati yao likiwa na maana mbili, na hapakuwa na mtu wa kulikamata isipokuwa yule aliyeketi nyuma.

DAFTARI LA MSICHANA WA KIDATO CHA PILI

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi alinionyesha daftari lake la kutazamia masomo, nami kwa ruhusa yake nawasimulia kilichomo. Yeye hakuandika sifa za mwalimu. Kila mwanafunzi aliposema jambo kwa akili yake mwenyewe, bila kuitikia pamoja na wenzake, alitia alama moja ya kalamu. Siku hiyo, katika darasa la Kidato cha Pili lililokuwa limejaa mpaka madirishani, mwisho wa kipindi alikuwa na alama sita.

Somo lilikuwa juu ya kauli ya kutendwa. Mwalimu alifundisha kwa bidii. Aliandika kanuni ubaoni kwa mwandiko mzuri, akatoa mifano kumi, akawaambia wanakili. Jirani na mwanachuo aliketi msichana mmoja ambaye hakusema neno tangu mwanzo wa kipindi. Alikuwa amenakili kila kitu, mistari imepigwa kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Daftari la kuonyeshwa mkaguzi. Lakini pembeni ya ukurasa, kwa penseli na kwa herufi ndogo mno, alikuwa ameandika maneno mawili ya Kiswahili: “kamata, kamatwa.” Mbele yake ameweka alama ya kuuliza.

Yule msichana alikuwa ameuvumbua mlango. Alikuwa ameona kwamba jambo lile lenye jina refu, ambalo ubaoni lilionekana kama hesabu za Waingereza, yeye analijua tangu alipoanza kusema: mwizi alikamata, mwizi alikamatwa. Kiswahili hutia “w” mwishoni mwa kitenzi; Kiingereza hutaka kitenzi kisaidizi mbele na kitenzi kikuu kibadili sura. Umbo ni mbalimbali, wazo ni moja. Kilichobaki ni mtu wa kumwambia, “Naam, umepata.” Badala yake, mwalimu alipoanza kupita katikati ya madawati kukagua, msichana alichukua kifutio akayafuta yale maneno mawili.

Aliufuta ushahidi wa akili yake, ndugu zangu, kwa kuogopa kwamba ni kosa. Mwalimu alipofika aliuona ukurasa safi, akaweka alama ya vema, akapita. Kutoka mbele, somo lile lilifaulu kabisa.

Mwanachuo yule aliponieleza habari hii alisema kwamba fomu aliyopewa ilikuwa na mahali pa kuandika juu ya sauti ya mwalimu, matumizi ya ubao, zana za kufundishia na utunzaji wa muda. Hapakuwa na mahali pa kuandika juu ya kifutio. Aliandika nyuma ya karatasi.

KISWAHILI NI DARAJA

Wapo watakaoniuliza: je, Ndugu Mwandishi, unatutaka tufundishe Kiingereza kwa Kiswahili? Nawajibu waziwazi: la. Nimeketi pia katika madarasa ambamo mwalimu hufasiri kila sentensi, hadithi nzima ikasomwa na kufasiriwa, na kengele ikalia kabla mtoto hata mmoja hajatunga sentensi yake mwenyewe ya Kiingereza. Watoto wa darasa hilo wamestarehe, lakini hawatajua Kiingereza. Mtu hujifunza kuogelea ndani ya maji.

Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kitanzania haingii darasani akiwa mtungi mtupu. Anaingia na sarufi kamili kichwani mwake, na mwalimu anayeijua sarufi hiyo ana zana bora kuliko picha na chati zote. Tazameni mfano wa nyakati. Wanafunzi wa dunia nzima huhangaika na tofauti ya “he arrived” na “he has arrived.” Mtoto wetu anayo tofauti inayokaribiana nayo mdomoni mwake kila siku: alifika, amefika. Ukisema “amefika,” kila mtu anajua kwamba mgeni bado yupo, mpeni kiti. Ukisema “alifika,” huenda alikwisha ondoka. Mwalimu akiyaweka hayo mawili ubaoni kwa dakika tano, atakuwa ameokoa kipindi kizima. Au chukueni “hu-”: watoto hucheza, jua huchomoza mashariki. Hapo ndipo ilipo ile njeo ya mazoea ambayo vitabu huieleza kwa kurasa nzima.

Na pale ambapo lugha hizi mbili zinaachana, kuijua sarufi yetu humwonyesha mwalimu chanzo cha kosa. Mwanafunzi akisema, “My mother, he is a farmer,” darasa zima huangua kicheko, na mwalimu mara nyingine hucheka pamoja nao. Lakini Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi “a-”. Baba analima, mama analima. Mtoto yule hakusahau kama mama yake ni mwanamke! Amefuata kanuni ya lugha yake mahali ambapo Kiingereza kina kanuni nyingine. Kosa lenye kanuni hurekebishwa kwa kanuni. Kosa linalochekwa hurekebishwa kwa kunyamaza, na mtoto aliyenyamazishwa katika Kidato cha Kwanza huenda asisikike tena mpaka Kidato cha Nne.

Kiswahili, basi, kiwe daraja la kuvukia. Mtu hajengi nyumba juu ya daraja, lakini pia hatakiwi alivunje kwa kuona fahari ya ng'ambo.

KIBAO CHA SHINGONI

Mtayakuta mashuleni matangazo yanayoamuru kwamba Kiingereza tu ndicho kizungumzwe. Tangazo si baya kwa lenyewe. Watoto wanahitaji mazoezi. Ubaya huanza pale ambapo anayesikika akisema Kiswahili huadhibiwa, hupewa kazi ngumu, au huvikwa kipande cha mbao shingoni mpaka amkamate mwenzake naye amkabidhi.

Mtindo huo tunaijua asili yake. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ukombozi wa fikra, alisimulia jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa na kutundikwa vibao vya kuwadhalilisha kwa kosa la kusema lugha ya mama yao. Ni ajabu kwamba silaha iliyoundwa na mkoloni kumfundisha Mwafrika ajichukie bado inashikwa na mikono yetu wenyewe, tukidhani tunafundisha lugha. Tumekwisha ona kwamba mtoto wa shule ya kata anacho Kiingereza kidogo mno. Ukimkataza Kiswahili kwa fimbo hatasema Kiingereza, atakaa kimya. Shule itatulia, wageni watasifu nidhamu, na hakuna lugha yoyote itakayokuwa imejifunzwa.

Taifa hili lina mfano wa kutosha wa kutuongoza katika jambo hili. Mwalimu Nyerere, aliyerudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952 akafundisha Pugu, alikijua Kiingereza kiasi cha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, mojawapo ikatoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Hakukichukia Kiingereza, wala hakukionea haya Kiswahili. Alizitumikisha lugha zote mbili kwa faida ya watu wake. Huyo ndiye mwanafunzi tunayemtaka atoke katika sekondari zetu: mwenye lugha mbili zilizosimama wima, asiwe mwenye lugha moja iliyopigwa na nyingine iliyokaririwa.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, maana siku zenu zimekaribia.

Kwanza, tetea siku zako za kutazama. Walimu ni wachache na vipindi ni vingi. Yamkini asubuhi ya kwanza, kabla hujajua mahali pa kuweka mfuko wako, utapewa chaki na kuambiwa, “Kidato cha Kwanza B hawana mwalimu.” Usikatae kazi, kwa maana watoto wale wanakuhitaji. Lakini mwombe Mkuu wa Shule kwa heshima akuachie japo vipindi vichache vya kuketi nyuma katika majuma yale ya mwanzo. Mwanachuo anayeanza kufundisha bila ya kutazama hana cha kuiga ila namna alivyofundishwa yeye mwenyewe zamani, na kwa njia hiyo kiitikio hurithiwa kutoka kizazi hata kizazi.

Pili, usiketi mahali pamoja. Leo keti nyuma kabisa, kesho keti pembeni karibu na dirisha, keshokutwa keti katikati ya wasichana au ya wavulana wasioinua mkono. Utaona kwamba darasa moja lina madarasa matatu ndani yake.

Tatu, hesabu kabla ya kuhukumu. Wanafunzi wangapi walisema peke yao? Wangapi walikuwa na kitabu mbele yao, na wangapi walichungulia cha jirani? Baada ya swali kuulizwa, mwalimu alingoja kwa muda gani kabla ya kujibu mwenyewe? Mambo haya hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji kalamu, saa na uaminifu. Usiandike kwamba wanafunzi walishiriki vizuri. Andika walisema nini.

Nne, yatazame madaftari. Tazama yaliyonakiliwa, lakini zaidi tazama yaliyo pembeni: neno lililoandikwa kwa Kiswahili, sentensi iliyoanzwa ikaachwa, mahali palipofutwa. Hapo ndipo mtoto alipokuwa akifikiri.

Tano, mheshimu mwenyeji wako. Hukutumwa kuwa mpelelezi. Usiyabebe ya darasani kwenda kuyachekea bwenini. Wenzetu wa zamani walisema kinyozi hajinyoi. Mwalimu aliye mbele hawezi kuliona darasa lake kutoka nyuma, hata awe hodari vipi. Kipindi kikiisha, mfuate, mshukuru, na umwulize kwa unyenyekevu: “Mwalimu, je, unaonaje kuhusu wale wa upande wa dirishani? Nimeona hawakupata nafasi.” Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka ishirini atakueleza mambo ambayo mimi na wakufunzi wako hatuyajui: ni mtoto yupi hutembea mwendo mrefu, ni yupi anayelala njaa, ni yupi alikuwa akisema sana kabla hajachekwa. Naye kwa upande wake atakuwa amelazwa na swali lako. Ndiyo maana ya ile methali kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sita na mwisho, yachukue uliyoyaona uende nayo mbele siku utakaposhika chaki. Ukijua kwamba sekunde hazitoshi, wagawe watoto wawili wawili, waulizane na kujibizana wote kwa wakati mmoja. Kutakuwa na kelele. Wape habari walimu wa madarasa jirani mapema ili wasikasirike, kisha iache kelele hiyo iwepo, maana katika dakika tano za kelele kila mtoto atakuwa amesema Kiingereza kingi kuliko alichokisema kwa juma zima la kuitikia.

Ndugu Wanachuo, hamtaondoa upungufu wa vitabu, wala hamtapunguza wanafunzi darasani, wala hamtaamua lugha ya kufundishia ya nchi hii. Hayo yana wenyewe, nasi waandishi tutaendelea kuwakumbusha. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna kiongozi, mkaguzi wala mfadhili anayeweza kulifanya kwa niaba yenu, nalo ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyefikiri darasani mwenu haoni haja ya kukifuta alichokifikiri. Nendeni mkaketi nyuma. Tazameni vema, andikeni kweli, na mkisimama mbele msisahau mliyoyaona.